Mchicha Nilioulaza Chini ya Godoro

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba, najua mmeniamkia kimoyomoyo. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha bustani kaniomba niseme kwa kifupi, na mimi kifupi sikujaliwa, hata shule iliniishia mapema. Nitasema nimesimama, maana kukaa ndiyo shida yenyewe.

Ndugu zangu, nawaambia, mke wangu alipofariki, kiti kilianza kunichoma. Nakaa, nainuka. Naingia kibanjani, shambani kwangu kwenye migomba na kahawa, nakata jani moja la mgomba, naliacha hapohapo, natoka barabarani. Natembea toka Ihanda mpaka Kayanga, nasimama stendi kama mtu anayengoja mgeni. Simngoji mtu. Narudi. Vijana wa bodaboda wakanizoea, wakaacha hata kuniuliza kama napanda. Na barabara ile zamani, kabla ya lami... aa, hiyo tuiache.

Binti yangu wa Rubwera akasikia nimekutwa nikitembea kwenye mvua, sina habari kama inanyesha, mpaka vijana wa bodaboda wakanirudisha nyumbani. Akaja. Akasema ananivumilia mpaka kahawa iive; nisipotulia, ananihamishia kwake, chumba kipo. Kweli kipo, na dirisha lake linatazama ukuta wa duka. Nikajua nikienda kule, kibanja kitakuwa pori, na mimi nitakufa nimeketi.

Sasa nyuma ya jiko palikuwa na bustani ya marehemu, imeota magugu. Wanaume wa kwetu mnajijua: mgomba wetu, mbuni wetu wa kahawa, mboga tunaikuta kwenye sahani. Nikaona kikopo chake cha mbegu za mchicha. Nikasema ngoja niipe mikono kazi. Nikafanya kama baba alivyonifundisha kwenye migomba: samadi, mbegu, halafu juu nikatandaza majani makavu ya migomba, mazito, godoro kabisa. Nikajisifu. Asubuhi naenda kutazama, hakuna. Jioni naenda, hakuna. Nikarudia barabara.

Mama jirani, rafiki wa marehemu, akapita kuomba moto. Akalitazama godoro langu, akaniuliza nimemzika nani. Nikamwambia mchicha. Alicheka mpaka akashikilia mbuni. Kisha akasema taratibu, "Mzee, waitu, ndugu yetu, huyo ni mtoto mchanga, umemfunika kwa blanketi la mtu mzima. Inua."

Tukainua. Chini palikuwa na vinyuzi vyeupe, vimejipinda, vinatafuta njia ya kutokea. Vichache, lakini hai. Nikachuchumaa. Mama jirani akaaga, sijui hata nilimjibu nini, mimi nachomeka vijiti, naweka kivuli chepesi. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshavuka paa. Tangu msibani sikuwahi kukaa mahali pamoja namna ile.

Kahawa ikaiva. Binti akaja na begi tupu la kubebea nguo zangu. Akanikuta na kidumu, nikamwambia asubiri nimalize kumwagilia. Akasubiri. Mchana nikampa ndizi na mboga. Alikula kidogo, akaacha kutafuna.

"Baba, huu mchicha ni wa mama?"

"Mbegu ya mama yako. Mchicha wangu."

Akajipakulia tena. Jioni alipanda gari la Rubwera, begi lake kalijaza mboga.

Sisemi nimepona. Mmeniona hapa nimeinuka hata kabla ya kuitwa. Miguu bado inataka barabara, ila sasa naipeleka nyuma ya jiko. Wewe unayeanza bustani, anza na kipande kidogo, kionekane kutoka mlangoni. Panda kinachoota upesi. Na usikifunike sana, mnanielewa.

Mama jirani, asante kwa kunicheka. Binti yangu, asante kwa kusubiri. Vijana wa bodaboda, mlionirudisha nyumbani bila kunisema, Mungu awaone.

Sasa mniwie radhi, chai yenu sitaingoja. Asubuhi nimehamisha miche ya nyanya chungu, nimeikinga upande mmoja tu, na hilo jua mnaliona linakoelekea.