Sanduku Lisilo Kwenye Orodha

Benchi hilo liko kati ya kibanda cha fundi redio na studio ya picha, na limeegemezwa ukutani kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Asubuhi hiyo mpigapicha, ambaye wote humwita Fleshi, alitoka studio amebeba sanduku jeusi lenye ukubwa wa matofali mawili, akaliweka benchini mahali pa kukaa mtu, waya wake wa umeme ukiburutika kutoka mlangoni. Ndani yake mna diski mbili, na ndani ya diski mna picha za miaka tisa: harusi, mahafali, ubatizo, misiba. Kompyuta iliyokuwa na picha hizo ilikufa juzi. Fleshi hakushtuka, kwa kuwa kila siku saa saba mchana programu ya bekapu ilinakili kazi yake yote na kuipeleka kwenye sanduku kupitia waya wa mtandao. Jana akanunua kompyuta nyingine, akapakua programu ileile, toleo jipya, akaielekeza kwenye sanduku. Ikamjibu kwa sentensi moja: kifaa hiki hakitambuliki.

— Hakitambuliki! — Sakiti, fundi redio, akacheka kwa pua. — Miaka mitatu wanakula sahani moja, leo hawajuani? Hiyo programu ina maringo.

— Wewe ndiye uliyelifunga, — Fleshi akasema.

— Lilifanya kazi au halikufanya?

— Lilifanya.

— Basi nitoe kwenye kesi.

Wa tatu benchini ni mzee aliyestaafu masjala. Jina lake pale ni Karani, na hajawahi kuwasha kitu bila kwanza kusoma karatasi iliyokuja nacho. Alivaa miwani, akanyoosha mkono.

— Fleshi, mwanangu, nipe simu. Hawa wenye programu wameweka orodha ya masanduku wanayoyakubali. Ngoja.

Kidole kilishuka polepole. Mama Birika, mwenye kahawa, alisimama na vikombe mkononi asipitwe.

— Lako halimo, — Karani akasema.

— Labda umeruka, mzee.

— Nimeshika mafaili miaka thelathini na moja. Siruki. Na orodha ya zamani hii hapa chini. Humo pia halimo.

Wote wakamgeukia Sakiti. Sakiti akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Msinikodolee macho. Hata siku nilipolifunga programu ilikataa. Nikaingia kwenye mipangilio ya sanduku, nikalipatia jina la sanduku jingine lililomo kwenye orodha. Ikakubali papo hapo. Huo ndio ufundi.

— Huko ni kughushi, — Karani akasema.

— Ni kulitambulisha vizuri.

— Na toleo jipya halidanganyiki kwa jina. Imeandikwa hapa: linakagua mpaka namba ya kiwandani.

— Miaka mitatu na jina la kuazima! — Mama Birika akasema. — Na mwenye nyumba hajui.

Fleshi hakucheka. Alikuwa hajui kweli. Alichojua ni alama ya kijani iliyotokea kila siku saa saba na dakika kadhaa, naye akiiona alikuwa anakwenda kula kwa amani.

— Kwani huwezi kulifungua mwenyewe ukachota picha? — Mama Birika akauliza.

— Nimefungua, shangazi. Mna faili moja tu, kubwa. Programu imezishindilia picha zote humo na kufunga. Isipokuwa yenyewe, hakuna anayefungua.

— Weka toleo la zamani, — Karani akasema.

— Wameliondoa kwenye tovuti yao. — Fleshi akamtazama Sakiti. — Lakini siku ile ulikuja nalo kwenye flashi.

— Ile flashi niliifuta. Nina nyimbo za dini humo.

— Ukafuta?

— Kaka, miaka mitatu hukuiulizia! Ningeiweka kabatini kama cheti cha ndoa?

Karani akatikisa kichwa kwa raha ya mtu aliyeona mwenzake anazama. Mama Birika akamimina kahawa. Kuanzia hapo kila mmoja akawa mtaalamu.

— Rudisha saa ya kompyuta nyuma miaka mitatu, — Sakiti akasema. — Programu idhani bado tuko enzi zile.

— Programu haiangalii saa, inaangalia wino wa orodha, — Karani akajibu. — Waandikie barua yenye muhuri. Waombe sanduku liingizwe kwenye orodha kwa nyongeza.

— Barua waisome lini? — Sakiti akauliza.

— Masjala yao ikiwa na watu, siku arobaini na tano.

— Mimi naona limeshika joto, — Mama Birika akasema. — Kila nikipita nasikia linahema. Lifunike kitambaa chenye maji.

— Maji kwenye umeme, mama?

— Kitambaa nimesema, sijasema ndoo.

— Nyie hamjui kitu, — Sakiti akasema, sasa amesimama. — Kampuni hizi zikitaka ununue sanduku jipya zinatuma mawimbi. Lile la zamani linapoteza kumbukumbu, picha zinatiririka kwenye waya, zinaingia kwa jirani. Kinyozi pale juzi kaona bibi harusi asiyemjua kwenye runinga yake.

— Ilikuwa tamthilia, mjinga wewe, — Karani akasema.

— Una uhakika gani?

Fleshi aliwasikiliza kwa ustaarabu wa mtu aliyekata tamaa. Alitaka kuwaambia wanyamaze. Kisha akakumbuka kwamba hata hili sanduku lilichaguliwa hapahapa benchini, kwa kura, kwa sababu lilikuwa na taa nyingi kuliko mengine, na kwamba kura ya kwanza ilikuwa yake.

Mwanamke mmoja akasimama mbele yao. Alikuwa amefunga khanga juu ya sare ya kazi, na macho yamevimba.

— Samahani. Mwenye studio?

— Ni mimi, dada. Karibu.

— Ulinipiga picha za mahafali mwaka juzi. Kuna moja ya mama, amevua viatu kavishika mkononi, anacheka. Tulisema tutakuja kuisafisha, hatukuja. Mama ametutoka jana. Tunazika kesho saa nane. Nataka hiyo.

Fleshi aliikumbuka. Alikumbuka hata viatu: vya bluu, kimoja kimekatika kamba.

— Pole sana, dada. Picha imo humu, — akagusa sanduku, — ila...

— Sijauliza ila. Ipo au haipo?

Fleshi akamtazama Sakiti, Sakiti akamtazama Karani. Karani alikuwa anavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

— Ipo au haipo? — mwanamke akarudia.

— Sijui, dada, — Fleshi akasema.

Mwanamke aliwatazama mmoja baada ya mwingine, watu wanne na taa zinazowaka. Kisha akafungua pochi, akatoa kitambulisho cha marehemu. Uso ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, haucheki, na plastiki imechubuka shavuni.

— Hii unaweza kuikuza?

— Itatoka na ukungu.

— Kuza.

Fleshi akakipokea kwa mikono miwili, akamfungulia mlango wa studio. Nyuma yao Sakiti alikwisha kuanza tena kuhusu mawimbi.