Mtaro Wenye Mashahidi Watano

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la kinyozi, pale barabara inapoanza kushuka bondeni. Kila mtu ana sehemu yake. Spika, kinyozi mwenyewe, anakaa karibu na mlango asipitwe na mteja. Mzee Risiti, mtunza stoo mstaafu ambaye hajawahi kutupa karatasi, anakaa katikati. Kalamu, mchora mabango, anakaa mwisho, rangi ya jana ikiwa bado kwenye kucha. Mama Birika anauza kahawa amesimama, kwa madai kwamba akikaa hatainuka. Ng'ambo kuna jengo jipya la maduka, ghorofa nne za vioo. Asubuhi hiyo wingu lilitanda juu ya vioo, na Kalamu alilitazama mara nyingi kuliko alivyokitazama kikombe chake. Dada yake mkubwa anaishi chini kabisa ya mteremko. Tangu jengo lisimame, mvua ikinyesha maji yanaingia kwake hadi kwenye miguu ya kitanda.

Mzee Risiti alifungua daftari lake.

— Nimenakili tangazo lililobandikwa ofisi ya kata. Tulieni niwasomee. "Halmashauri imeridhia kumwongezea mwekezaji msamaha wa kodi ya majengo kwa miaka kumi, kwa kuwa ametimiza sharti la kujenga mtaro wa maji ya mvua. Kukamilika kwa mtaro kumethibitishwa kwa maandishi na wakazi watano wa mtaa huu."

— Watano! Spika aliruka na kitambaa chake begani. Mtaa mzima huu, watano?

— Watano tu.

— Kina nani?

— Hawakutajwa.

— Si unaona? Wangetajwa leo wangehama. Mimi nyuso zao ningezinyoa bila maji.

Mama Birika alicheka. Kalamu alijaribu kucheka, kahawa ikampalia.

— Pole, fundi, alisema Mama Birika. Taratibu. Kahawa haina miguu.

Kalamu aliinua mkono kumshukuru. Yeye aliwajua hao watano. Alikuwa amewajua tangu wiki iliyopita, dada yake alipokuja kumwuliza, bila hasira, kwa nini ofisi ya kata imekataa kupokea malalamiko yake. Karani alimfungulia faili, akamwonyesha na kumwambia: Mama, wewe ulithibitisha kwamba mtaro umekamilika, jina lako hili hapa. Dada hakujua jina lile limefikaje pale. Kalamu alijua.

Ilikuwa siku ya kikao cha ukumbini, mwaka uliopita. Watu wa jengo walileta soda za baridi na karatasi yenye mistari. Hapa kijiweni, karatasi yoyote ikija, ya msiba au ya harusi, inapelekwa kwa Kalamu awaandikie wenzake, maana mwandiko wake ni mzuri na wengine wanaona uvivu. Siku hiyo naye alidhani ni mahudhurio tu. Akaandika watu wa benchi waliokuwepo, yeye mwenyewe akiwemo, akamwongeza dada yake aliyekuwa nyumbani, asije akakosa soda. Na kwa kuwa yeye ni mchora mabango na siku ilikuwa ndefu, kila jina alilipa herufi zake. Mzee Risiti alipata herufi zilizosimama wima. Spika alipata za kulala. Mama Birika alipata zenye mikia. Saini nazo alizitia yeye, hakuna mbili zilizofanana. Hata mwenyewe alijisifu.

— Mimi nawaambieni, alisema Spika, hao watano hawaishi hapa. Waliletwa na basi. Wakashushwa, wakatia saini, wakarudishwa kwao.

— Acha zako, alisema Mzee Risiti. Basi la nini kwa watu watano? Hao ni marehemu. Nimekaa stoo miaka ishirini na sita, nimeona marehemu wakipokea hadi mabuti.

— Marehemu anapokeaje mabuti?

— Anapokea kwa saini, bwana. Mguu hauulizwi.

— Basi mnisikilize mimi, alisema Mama Birika, akimimina. Hao watano ni wa kompyuta. Siku hizi inatengenezwa sura ya mtu ambaye hakuzaliwa. Itashindwa kutengeneza saini?

— Hapo umenena, mama, alisema Spika. Na mtaro nao utakuwa wa kompyuta! Upo, ila sisi hatuuoni kwa sababu simu zetu ni za kitochi.

Walicheka wote, kisha kicheko kikakatika ghafla. Upepo ulivuta harufu ya vumbi lililoloa kutoka upande wa pili wa mji.

— Hata kama ni marehemu, alisema Mzee Risiti polepole, kuna kitu wametuua nacho. Kodi ile ndiyo ingelipia mtaro, kama mwenye jengo hakuujenga. Sasa imesamehewa. Kwa hiyo mtaro hatatujengea yeye, wala halmashauri haitatujengea. Miaka kumi.

— Mimi nikimshika mmoja wao...

— Utamfanya nini, Spika? aliuliza Kalamu. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

— We fundi, hilo la kuuliza? Nitampeleka kwa dada yako, mvua ikinyesha, nimlaze kwenye kile kitanda.

Kalamu alikiweka kikombe chini. Huenda, alifikiri, mtu fulani alichanganya karatasi. Huenda ile yake ilikuwa ya mahudhurio kweli, na nyingine ikapotea. Alijaribu kuuamini uwezekano huo. Lakini alikumbuka kwamba karatasi ile haikuwa na kichwa cha habari. Juu palikuwa peupe. Yeye, ambaye riziki yake ni kuandika vichwa juu ya milango ya watu, hakuuliza hapa juu patakuja kuandikwa nini.

Binti mmoja alivuka barabara. Alivaa buti za mpira, amebeba futi ya kupimia na bahasha ya kaki.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Mzee Risiti. Karibu kahawa.

— Asante, mzee. Natoka kwa mkaguzi wa hesabu. Nimeambiwa watu ninaowatafuta hukaa hapa.

Alitoa karatasi, akasoma majina matano. Yalikuwa majina kamili, yale ya kwenye kitambulisho, ambayo benchini hayatumiki. Spika alilisikia la kwake, akashika kitambaa kwa mikono miwili. Mzee Risiti alivua miwani. Mama Birika alisema "eh!" na birika likamchoma kidole.

— Ni sisi, alisema Mzee Risiti. Ila huyo wa mwisho ni dada yake fundi.

— Afadhali nimewakuta. Sina maneno mengi. Nimetumwa kuupima mtaro na kuupiga picha. Nimezunguka jengo mara mbili. Mtaro uko wapi?

Spika alitazama jengo, kana kwamba mtaro ungejitokeza kwa aibu. Mzee Risiti alifungua daftari, akalifunga.

— Mimi sijawahi kutia saini jambo hilo, alisema Spika, sauti imeshuka. Mwanangu, hebu nione.

Aliiangalia karatasi. Aliyaangalia majina, yaliyosimama, yaliyolala, yenye mikia. Kisha taratibu akageuka kumtazama mtu wa mwisho wa benchi. Wote wakageuka.

— Ni mkono wangu, alisema Kalamu. Yote matano.

Binti hakushtuka. Alitoa karatasi safi kwenye bahasha, na juu yake Kalamu aliona kichwa kimekwisha kuandikwa: MAELEZO YA MKAZI. Alikisoma mara mbili kabla ya kupokea kalamu.

Aliandika kwa herufi za kawaida, zile alizofundishwa shule: Mtaro haupo. Majina niliyaandika mimi bila kuulizwa wala kuuliza. Akaandika jina lake moja, akatia saini. Mstari wa mwisho ulipinda kama wa mtu asiyejua kuandika.

Tone la kwanza liliangukia ubao.

— Haya, alisema Spika haraka, akichungulia mteja ambaye hakuwepo. Umeshaanza, fundi. Niandikie na mimi.

Kalamu alimnyooshea kalamu. Akaishikilia hapo, hewani, mvua ikianza kumlowesha mkono, na Spika akaitazama bila kuipokea.