Mama Kazi ya Nani Ameiweka Pasi Chini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia dobi yetu, kampuni ya kufua na kupiga pasi nguo, msimamizi wa chumba cha pasi alikunja shuka lake la mwisho, akalipapasa kama mtu anayembembeleza mtoto, akaliweka juu ya mengine, akastaafu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, mkurugenzi aliposoma hotuba. Sisi tunamwita Mama Kazi ya Nani, na hata mkurugenzi alipofika aya ya pili alilisahau lile la kitambulisho, akarudi kwenye hili letu.

Niseme mapema ili nisije nikalaumiwa. Anayeandika wasifu huu ni mfanyakazi wa meza ya kukunjia, na tangu miezi miwili iliyopita ni mkwe wake pia. Mhariri wa jarida ameniomba nijizuie, nisiandike kama mtu aliye kwenye fungate. Nitajitahidi, ingawa kwa upande wangu fungate bado haijaisha wala sioni dalili.

Mama alianza kazi kwenye mabeseni, enzi ambazo madoa yalitolewa kwa mikono na mikono ilirudi nyumbani imekunjamana kama nguo yenyewe. Kutoka hapo alihamia kamba za kuanikia, kisha akaingia chumba cha pasi na hakutoka tena. Mashine kubwa ya pasi ya mvuke ilipoletwa, watu waliiogopa kwa jinsi ilivyofoka. Yeye aliiamkia shikamoo kila asubuhi, akieleza kwamba kitu chenye hasira kiasi kile lazima kiwe kimemzidi umri. Kufikia mwisho wa mwezi kila mtu alikuwa anaiamkia, na mpaka leo fundi wetu wa mitambo haigusi kabla hajaisalimu.

Jina la Kazi ya Nani lilitokana na swali lake. Akikuta taulo limeanguka sakafuni, au maji ya kupozea pasi hayajabadilishwa, hakufoka na hakuinama kuokota. Alisimama, akaangalia, akauliza kwa upole kazi ile ni ya nani. Mwenye kazi alijijua. Kwenye chumba chake kila meza ilikuwa na mwenyewe, na aliyeunguza kitu alitakiwa aseme kabla hajaulizwa. Akisema, hapigiwi kelele. Ndiyo maana chumba cha pasi kina makosa machache kuliko vyumba vyote vya dobi hii: hakuna anayepoteza muda kuyaficha.

Na sheria hiyo ilimhusu yeye kwanza. Mwaka ule alipounguza vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe, alipanda gari la kusambaza nguo akaenda kumwambia mteja mwenyewe. Njiani akasimamisha gari shuleni, akaomba ruhusa, akamchukua bintiye mdogo. Dereva alishangaa mtoto anapelekwa kufanya nini kwenye aibu ya mama yake. Alipelekwa kuona jinsi mtu mzima anavyoomba radhi. Yule binti sasa ni muuguzi, na anasema hakumbuki hata neno moja la mteja. Anachokumbuka ni mkono wa mama, kwamba tangu walipoingia mpaka walipotoka haukumwachia.

Dereva huyohuyo ana kisa chake, na ameniruhusu nikitoe. Binti yake alikuwa kila mara anasahau kitu nyumbani, leo viatu vya michezo, kesho daftari la hesabu, na baba mtu anageuza gari lenye mashuka ya hospitali kwenda kumpelekea. Mashuka yanachelewa, wauguzi wanapiga simu, sisi tunatukanwa. Mama alimwambia aache siku moja tu aone. Dereva alijikaza. Siku hiyo mtoto alicheza mpira peku, akarudi amenuna, akala amenuna, akalala amenuna. Tangu hapo anapanga begi lake mwenyewe kabla ya kulala, na kwa hasira iliyobaki akaanza kumsimamisha baba yake mlangoni kila asubuhi kumuuliza leseni ya udereva iko wapi. Dereva anasema mara ya mwisho kushikwa bila leseni ilikuwa kabla mtoto hajaanza ukaguzi huo.

Nyumbani kwa Mama kila mtu alikuwa na kazi isiyoguswa na mwingine. Binti mkubwa alisimamia chumvi na sukari zisiishe. Binti mdogo alisimamia viatu vya familia nzima. Baba mkwe wangu alisimamia taa. Kuomba msaada kuliruhusiwa wakati wowote, ila kutegea mwenzako akufanyie hakukuruhusiwa. Chumvi ilipoisha kwa uzembe, watu walikula mboga hivyohivyo, wakamsifia mpishi kwa adabu. Taa ya ukumbini ilipoungua na baba akajisahau, familia ilipapasa ukuta siku kadhaa bila mtu kusema neno, hadi mgeni mmoja alipojigonga kwenye kabati na watoto wote watatu wakauliza kwa pamoja ile ni kazi ya nani. Baba alicheka mpaka akashindwa kupanda ngazi.

Na mtoto wa kati, kijana wa pekee, alisimamia saa. Kila jioni aliitega saa ya kengele, na ilipolia alfajiri aliamka yeye, akaenda kumwamsha mama yake awahi zamu ya kwanza. Mtoto huyo ndiye mume wangu, kwa hiyo nivumilieni kidogo hapa.

Nilimwona kwa mara ya kwanza siku ambayo Mama alisahau miwani yake na kuomba aletewe. Aliingia chumba cha pasi, akawasalimu watu wote akianzia na mfagiaji. Miwani alikuwa ameifuta. Akiwa anaondoka, akaona taulo sakafuni karibu na meza yangu. Hakuniuliza kazi ya nani, kwa bahati yangu. Aliliokota, akalikunja mara tatu kwa upana na mara moja kwa urefu, kingo zimekutana kama midomo ya mtu anayezuia tabasamu, akalipapasa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nililishika lile taulo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wenzangu wa meza ya kukunjia wanajua, wamenicheka vya kutosha. Mama alikuwa anaona kila kitu kupitia ile miwani safi, lakini hakusema lolote kwangu wala kwa mwanawe. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakutusogeza karibu hata kidogo, alisema ile haikuwa kazi yake.

Tukaoana. Jumatatu ya kwanza ya ndoa yetu niliamka kabla ya jua kutoka, nikakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Bwana harusi wangu alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, ananong'ona kwa sauti tamu kabisa. Nikajiinua nikaketi. Nilisikia akiuliza, "Umeamka?" kisha akasikiliza, akatabasamu, akakata. Akageuka akanikuta nimekaa kitandani nimekodoa macho, na naomba msomaji aniamini kwamba sura yangu haikuwa ya bibi harusi. Akanieleza. Alipohama nyumbani kwenda kujitegemea, alihama na kazi yake. Kila siku ya kazi, miaka yote hiyo, amekuwa akimpigia mama yake alfajiri kumwamsha. Ugonjwa haukumzuia, safari haikumzuia, na ndoa pia isingemzuia.

Nilidhani ni mazoea matamu tu ya mama na mwana. Kumbe ndani yake kulikuwa na deni la moyo, na nililijua Jumapili moja tulipokwenda kula kwa wazazi.

Wakongwe wa dobi wanakumbuka kwamba Mama alichelewa kazini mara moja tu katika utumishi wake, na ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Asubuhi ile mwenye kampuni alikuwa amsaili kwa cheo cha msimamizi, kisha asafiri. Mama alifika gari la mwenye kampuni limeshaondoka. Cheo kikapewa mtu mwingine, na Mama akaja kukipata miaka minne baadaye. Wenzake walimtania kwamba usingizi umemlia cheo, na yeye akacheka nao. Ukweli ulikuwa kwamba kijana wa saa, wakati huo ana miaka kumi, alikuwa amenogewa na mchezo jioni ile akasahau kuitega. Aliamka jua limejaa dirishani, akakimbilia chumbani, akamkuta mama yake amelala.

Mama hakumgombeza. Alioga, akavaa, akaenda. Jioni aliwakalisha watoto, akawaambia wazi kwamba cheo amekikosa na kwamba watahamia nyumba kubwa wakati mwingine. Mtoto alilia, akaomba kazi ya saa apewe dada yake, yeye haiwezi. Mume wangu anayakumbuka majibu ya mama yake kama watu wanavyokumbuka jina lao: "Saa ni yako. Kesho niamshe."

Akamwamsha. Na hakukosa tena.

Sasa Jumapili hiyo, tukiwa mezani, mimi kwa kupenda kwangu kuongea nikawachekesha watu kwa kisa cha simu ya alfajiri na jinsi nilivyokodoa macho. Wakacheka wote, na mume wangu katika kucheka akasema anashukuru mama ana usingizi mzito, vinginevyo yeye angekosa kazi. Baba mkwe aliacha kucheka. Akamtazama mkewe. Alimwambia kwa utaratibu kwamba mwanawe ameshaoa sasa, anaweza kuambiwa.

Ndipo Mama akasema kwamba yeye hajawahi kuwa na usingizi mzito. Tangu ujana wake huamka mwenyewe kabla ya jogoo. Siku ile ya usaili alikuwa macho, amekaa kitandani, anaisikiliza saa ikitembea na kengele hailii, na baba akimsihi kwa kunong'ona ainuke aende. Aliposikia miguu ya mtoto inakimbia, alijilaza akajifunika shuka.

Mume wangu aliweka kijiko chini. Aliuliza kama kweli alikuwa macho. Mama akajibu kwamba alikuwa macho kiasi cha kumsikia mwanawe anavyokoroma. Hakuna aliyecheka. Mume wangu ni mtu wa upole, lakini niliona taya lake likikakamaa, na niliogopa, kwa sababu miaka yote hiyo alidhani amemkosesha mama yake cheo kwa kusahau, na sasa anasikia kwamba mama angeweza kuinuka tu.

Mama aliliona pia. Akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika.

"Cheo ningekipata mwaka mwingine," alisema. "Mtoto wa miaka kumi nilikuwa naye mwaka ule tu."

Akaongeza kwamba kama angeinuka, mtoto angejifunza kwamba saa ile haina maana, kwamba aitege asiitege mama huamka. Angekuwa na kazi ya kuigiza. Na alisema pia, kwa sauti ndogo ambayo sisi wa chumba cha pasi hatujaizoea, kwamba hakuwa na hakika. Alilia njia nzima kwenda kazini. Kama mtoto angekataa kuishika tena saa, angekuwa amepoteza cheo na mtoto kwa mpigo. Hakulala usiku ule wote. Alfajiri saa ikalia, akasikia miguu, akafumba macho haraka ili aamshwe.

Mume wangu aliubusu ule mkono ulioukunja ulimwengu mzima wa mashuka, kisha akainuka kwenda kuosha vyombo, na sote tukamwacha. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, macho mekundu, alisema tu kwamba sasa anaelewa kwa nini mama hupokea simu kabla haijaita mara ya pili. Baba akacheka, Mama akacheka, nami nikalia kwa niaba ya wote.

Ijumaa ya kustaafu mume wangu alipiga simu kama kawaida. Niliinuka nikaenda kusimama naye dirishani. Safari hii mazungumzo hayakuishia kwenye neno moja. Alfajiri ilikuwa tulivu, na sauti ya Mama nikaisikia vizuri.

"Nimeamka. Jumatatu usinipigie, mwanangu. Kazi hiyo umeimaliza, na umeimaliza vizuri."

Sherehe yenyewe mliiona wote. Mliona jinsi alivyoiaga mashine ya mvuke, na jinsi dereva alivyojifanya ameingiwa na mvuke machoni. Mliona pia kwamba baada ya keki alisimama mbele ya vyombo vichafu, akaangalia huku na huku, na kabla hajafungua kinywa wakurugenzi wawili walikuwa wameshavikimbilia.

Ninyi hamkuiona Jumatatu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kufungua chumba cha pasi alfajiri, hadi msimamizi mpya atakapoteuliwa. Nilikuwa macho mapema kwa wasiwasi. Nikamsikia mume wangu anaamka saa ileile, anakaa ukingoni mwa kitanda, anaichukua simu. Alikaa nayo mkononi gizani, hana pa kupiga. Ningeweza kuinuka wakati huo. Nilifumba macho, nikatulia tuli, nikapumua kama mtu aliye ndotoni. Akaiweka simu chini. Nikahisi mkono wake begani.

"Umeamka?"

Nikamwambia nimeamka.

Mama yetu, chumba kimefunguliwa kwa wakati, mashine imepewa shikamoo yake, na hakuna taulo sakafuni. Tunakushukuru kwa kutulea pamoja na watoto wako. Pumzika katika afya na furaha, jua likukute kitandani siku zote, na asitokee mtu wa kukuamsha.