Ugaga ni Lipu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Wenyewe ni watatu. Mwashi, ambaye kila tatizo la dunia anaona dawa yake ni saruji. Kinyozi, mwenye siri za vichwa vyote vya mtaa. Na karani mstaafu tunayemwita Muhuri, maana akishasema kamaliza. Mimi ni Fundi tu. Asubuhi hiyo nilikuwa na miadi ya saa nne kliniki, kusafishwa meno, na sifichi, niliogopa. Mwezi mzima nilikuwa naamka na damu kwenye mto, na gego langu la kushoto likitikisika kila nikiligusa kwa ulimi, bila maumivu yoyote. Mke wangu ndiye aliyepanga miadi. Mama Kahawa alipotugawia vikombe, nikafanya kosa la kuwaambia wenzangu.

— Wakukwangue ugaga? Mwashi aliruka. Fundi, ugaga ni lipu! Ndiyo inashika meno. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wewe Mungu kakuzibia ufa bure, unaenda kubomoa!

— Daktari kasema ukishaganda, mswaki hauutoi, nilimjibu. Unaingia chini ya fizi, unaila taratibu, mpaka jino linabaki limesimama hewani. Ndiyo maana inatakiwa usafishwe kila baada ya miezi sita.

— Hewani! Nyumba gani ikasimama hewani?

— Ile uliyomjengea shemeji yako, alisema Kinyozi.

Tukacheka. Ndipo nikagundua kitu ambacho miaka yote sikukiona: kijiweni kwetu kila mtu hucheka amefumba mdomo.

— Mimi nina mteja alisafishwa, Kinyozi aliendelea. Tangu siku hiyo meno yake yananong'ona. Nikiwasha mashine, yanaongea nayo. Juzi nikatega sikio kwenye shavu lake.

— Ukasikia nini?

— Jina langu.

Mama Kahawa aliacha kumimina.

— Mnahangaika na vidogo, alisema Muhuri. Kinywa ni jumba la maneno, sivyo? Basi kila neno linaacha vumbi, na vumbi likiganda ndiyo ugaga. Wakikukwangua, wanaondoka na maneno yako. Marehemu kaka yangu walimkwangua Jumatatu. Jumanne akamwita mkewe "wewe mama". Mpaka tunamzika, jina la mkewe hakulitaja tena.

— Labda walinuniana, nilisema.

— Na huo ugaga wakishaukwangua unapelekwa wapi? aliuliza Muhuri. Wewe, Fundi, umewahi kuona jalala la ugaga?

Sikuwahi. Hakuna aliyewahi. Nikaanza kutunga uongo wa kumwambia mke wangu kwa nini sikwenda kliniki.

— Kahawa imeisha, alisema Mama Kahawa. Nipeni vikombe vyangu.

Tukaviweka vyote pembeni, kwenye ncha ya benchi. Wakati huohuo akafika mama mmoja, mgeni kwetu, na kiatu kilichoachama soli. Akataka kukaa, akasogeza vikombe, kimoja kikapinduka. Masimbi ya kahawa yakamwagika, na ndani yake kitu kidogo kikagonga ubao. Akakiokota, akakifuta kwa kidole.

— Samahani, hili jino ni la nani?

Lilikuwa gego zima, njano hadi kwenye mizizi, shingoni limevaa gamba kama la birika kuukuu. Halikuwa na hata tone la damu.

Nikaona shavu la Mwashi likitutumka, ulimi wake ukizunguka ndani. La Kinyozi likafuata. Muhuri alifumba macho kama anayehesabu. Ulimi wa kila mmoja ulifika mahali ukasimama, na kila mmoja akapeleka mkono mdomoni. Ulimi wangu nao ulikwenda nyuma, kushoto, kwenye lile gego. Ukakuta shimo laini, lisilouma hata kidogo.

Jino lilikuwa moja. Mapengo yalikuwa manne.

— Jamani, nimeuliza, ni la nani?

Nikamwomba aniachie kiatu, nikavua aproni. Ilikuwa bado dakika kumi kufika saa nne. Mwashi, mkono ungali mdomoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kule kliniki wanapokea na mtu asiye na miadi.