Shangazi na Injini Isiyotulia: Miaka Thelathini na Mmoja Gerejini

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, fundi mkuu wa gereji ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Faili lake lina jina kamili, lakini kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, hakuna amwitaye kwa jina hilo. Ni Shangazi, basi.

Wengi hawajui kwamba aliajiriwa kufua mashuka. Mashine moja ya kufulia ilikuwa ikicheza ngoma hadi inahama ukutani, na mafundi wawili walishaikatia tamaa. Shangazi aliiegemea kwa bega dakika chache, akainama, akakaza mguu mmoja uliolegea. Fundi mkuu wa wakati huo alipomuuliza nani amemfundisha, alijibu kwamba hakuna, ameisikiliza tu. Wiki iliyofuata alikuwa gerejini, ameshika spana.

Mimi ni mtunza stoo, na nina malalamiko yangu. Mafundi wengine walikuja dirishani kwangu kuomba plagi, koili, pampu. Shangazi alikuja kuomba kiti. Alikiweka karibu na boneti iliyofunguliwa, pale mwanga unapoteremka kutoka kwenye bati la kioo na vumbi linaelea taratibu kama halina haraka ya kutua, akafumba macho. Mgeni angedhani amesinzia. Injini ikinguruma, naye akienda nayo mbali, mahali ambapo sisi wengine hatukualikwa. Akirudi, alikuwa na jibu. Vipuri vyangu vikabaki rafuni vikizeeka.

Lakini sikio hilo liliwahi kukosea, na yeye mwenyewe ameomba jambo hilo liandikwe hapa.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa na gari la wagonjwa lililokataa kushika sailensa, yaani kunguruma kwa utulivu likiwa limesimama. Likiwa mwendoni lilikuwa laini kama hariri. Likisimama huku injini inawaka, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Dereva wake, ambaye kwa utaratibu wake tulimwita Polepole, alilileta gerejini mara tatu. Mara tatu Shangazi aliliwasha asubuhi, akalisikiliza, akabadilisha plagi, akaandika kitabuni na kutia sahihi: gari zima.

Mchana mmoja likazimika kwenye njia panda, ndani yake mama mwenye uchungu wa kuzaa. Lilikataa kuwaka kwa dakika tisa. Mtoto akazaliwa palepale mikononi mwa muuguzi, na kwa bahati njema mama na mtoto walisalimika. Uongozi ukafungua kitabu, ukaona gari ni zima, ukaamua kwamba mbovu ni dereva. Polepole akaambiwa akae nyumbani asubiri barua ya kufukuzwa, ikiwa imebaki miaka minne tu astaafu.

Shangazi angeweza kunyamaza. Sahihi yake ilikuwa inamlinda. Badala yake alifunga safari hadi kwa Polepole, akamkuta anapaka mlango rangi ambayo haukuihitaji.

“Kaka, hebu niambie. Linatetemeka saa ngapi?”

“Asubuhi ni malaika, Shangazi. Likishapata joto, kila nikisimama nashika usukani na roho yangu.”

Alisema baadaye kwamba maneno hayo yalimmwagia maji ya baridi. Magari yote aliyapima asubuhi, yakiwa yamelala na kupoa.

Kesho yake aliomba ruhusa ya kuliendesha, Polepole kando yake kama abiria. Walizunguka mji saa mbili kwenye jua la mchana, wakisimama kila njia panda. Mtetemo ulipoanza, alilirudisha gerejini akakataza mtu yeyote asizime. Akachukua chupa ya maji, akanyunyiza matone machache juu ya mipira inayopitisha hewa kwenye injini, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mpira mdogo wa nyuma, usioonekana bila kioo, injini ikanyooka ghafla, ikatulia. Maji yalikuwa yameziba ufa mfupi kuliko ukucha. Joto liliulainisha mpira, ufa ukafunguka, hewa ikaingia isikoalikwa. Sailensa ikaharibika. Ukipoa, ufa ulijifunga, ushahidi ukapotea.

Siku hiyo alikuja stoo, akachukua mpira mmoja tu. Kisha akaomba karatasi, akaandika kwa uongozi: “Dereva hana kosa. Gari lilipimwa likiwa baridi, na aliyelipima ni mimi.”

Alipewa barua ya onyo. Polepole alirudishiwa funguo, akaja gerejini, akaushika mkono wa Shangazi wenye grisi kwa mikono yake yote miwili. Alistaafu kwa heshima, naye siku ya kumuaga Shangazi atakaa safu ya mbele.

Tangu hapo hakuna gari linaloandikwa zima kabla ya kuwaka nusu saa na kupata joto. Katika miaka kumi na miwili, hakuna gari letu la wagonjwa lililozimika likiwa na mgonjwa. Hata mashine ya kisasa ya kupimia ilipofika, Shangazi aliipokea kama mgeni: unamkaribisha, unamsikiliza, lakini humwachii nyumba.

Mume wake, fundi cherehani, anasema amejiandaa. Juzi mkewe alipita sebuleni na kumwambia, bila hata kugeuka, kwamba mkanda wa cherehani umelegea. Ulikuwa umelegea.

Nilimuuliza atakumbuka nini zaidi. Alisema ni ule muda baada ya kuzima injini iliyopona, chuma kinapopoa kikilia tik, tik, na hakuna mtu anayehitaji kitu.

Shangazi, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa barua ile uliyouandikia uongozi. Tunakuombea siku nyingi za utulivu wa namna hiyo.