Jina Jipya la Papa Dramani

Kwenye kivuko cha kutoka Lubunga kwenda mjini, Philomène alikalia kifurushi chake cha chikwangue, mikate ya muhogo ya kuuza, masikio ameyatega. Mbele yake Papa Dramani, Mmali muuza vitambaa, alimweleza karani mmoja mwenye abakosti, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, wala hawajuani, kwamba ameomba uraia wa Zaire.

“Banasema lazima jina ya hapa. Basi bokilo yangu, mama ya bibi yangu, alinipatia ya mutoto wake aliyezama akakufa mu mayi: Lofemba.”

“Na ya baba yako, utaitupa?” karani alishangaa. “ Sisi tunatafuta njia ya kutoka, weye unaomba kuingia!”

Philomène, ambaye tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku huitwa jina jingine katika ofisi za serikali, alimeza kicheko.

“Baba alinipatia jina mbele ya kunijua,” mzee alisema. “Ule mama alinipatia ya mutoto wake kisha kunijua. Nitamushukuru na nini?”

“Bon, sawa. Lakini baba iko baba.”

Kivuko kikagonga ukingo. Kule juu bibi kizee mwenye mwavuli aliita, “Lofemba! Lofemba!” Papa Dramani akaendelea kufunga vitambaa vyake, kama vile anaitwa mtu mwingine. Karani ndiye aliyemgusa bega.

“Papa,” alisema polepole, “mama yako anakuita.”