Nyuzi za Kisutu

Selpher alikuwa amekaa katikati yao kwenye benchi la feri ya Likoni, sasa asingesikia vipi? Kulia kwake Bi Dhahabu alipakata swichi ya eisi, kipoza hewa cha gari la marehemu mumewe, nyaya zake zote nyeusi zikining'inia. Kushoto alikuwa Menza, fundi umeme wa magari, aliyeitupia jicho mara moja na kutoa hukumu bila kuulizwa, kama ilivyo ada ya mafundi.

"Soketi imeungua, mama. Nyaya zikatwe hapa, itiwe mpya."

"Hapo pamefungwa nyuzi, mwanangu. Marehemu alizichomoa kwenye leso yangu ya kisutu, niliyoolewa nayo, asije akachanganya nyaya. Uzi mwekundu wa feni, mweupe wa baridi. Wallahi nilimnunia wiki nzima."

Selpher akajifanya anatazama maji.

"Nitakufungia tepu za rangi," Menza akasema.

"Tepu!" Bi Dhahabu alisema kama aliyetukanwa.

"Basi kisutu si unacho? Tuchomoe nyuzi nyingine."

"Kisutu ninacho. Wa kuzichomoa yuko wapi?"

Feri ikagota gatini. Abiria wote wakainuka, isipokuwa wao watatu.